Kabla Hujapokea Kazi ya Mtu

Mandewa, Singida
Jumapili jioni

Mwanangu Msengi,

Tumesalimiana asubuhi, na ukirudi kutoka Misigiri kumuaga bibi yako tutasalimiana tena, kwa hiyo salamu naziacha. Nyumba iko kimya. Begi lako liko karibu na mlango, limeshafungwa, na kila nikipita nalikwepa kama vile kuna mtu amelala pale. Mambo ya safari sikuandikii: ule nini, ukae na nani, simu uiweke mfuko gani. Wewe ni mtu mzima, utajua. Nakuandikia kwa sababu juzi tukiwa mezani uliniambia jambo nikashindwa kulijibu, na wewe ukadhani nimechoka.

Ulisema, "Mama, nimeshapangiwa timu. Tunapokea mfumo wa hospitali fulani ya nje huko."

Nikakuuliza, "Mnaupokea kutoka kwa nani?"

"Kwa watu wao wenyewe waliokuwa wanautengeneza. Watatufundisha kwa simu ya video, halafu wanaondoka."

"Wanaondoka kwenda wapi?"

Ukacheka kidogo. "Sasa Mama, hiyo mimi nitajuaje?"

Nikainuka nikaenda jikoni, nikawasha jiko ambalo halikuwa na cha kupika. Sikuwa nimechoka, baba. Nilimwona mtu nisiyemjua, labda mama wa rika langu, amekaa mbele ya kompyuta anajiandaa kumfundisha mwanangu kazi yake, na anajua kabisa kwamba siku atakayomaliza kufundisha ndiyo siku atakayofunga droo na kurudi nyumbani. Nimewahi kukaa kwenye kiti hicho. Na safari hii anayekuja kukichukua ni wewe, niliyekusomesha.

Unajua kwamba niliachishwa kazi hospitalini. Ulikuwa bweni, na likizo uliponikuta nyumbani nilikuambia wamepunguza watu, tukaishia hapo. Baba yako alikuwa ameshatutoka, nikaona usibebe na hili. Leo nataka ujue ilivyokwenda, kwa sababu kesho unaingia humohumo.

Tulikuwa watatu kwenye kitengo cha TEHAMA: mimi, Ramadhani wa Mgori, na kijana mmoja wa nyaya na mashine ambaye baadaye alihamia Dodoma. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha nyuma, jirani na wanapofulia mashuka ya wodini, kwa hiyo mwaka mzima tuliishi kwenye mvuke na harufu ya sabuni. Mfumo wa hospitali tuliuandika sisi, toka mapokezi mpaka maabara mpaka dirisha la dawa. Haukuwa mzuri wa kutazama. Rangi zake Ramadhani alizichagua na mimi nilimcheka. Lakini ulikuwa unawajua watu wa hapa.

Nikueleze nina maana gani. Kabla ya kuandika sehemu ya mapokezi, Ramadhani alikwenda kukaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa, asubuhi nzima, akisikiliza tu. Akarudi akaniambia, "Dada, akina Juma Hamisi wako wengi kuliko tulivyofikiri. Na wengine hawajui walizaliwa lini, wanataja mwaka wowote ili foleni isogee." Tukakuna kichwa. Namba ya simu mtu anabadilisha, kitambulisho amekiacha nyumbani, kadi ya hospitali imelowa mvua. Mwishowe yeye ndiye aliyesema tuwaulize jina la mama. Mfumo ukiona majina yanafanana, usikubali kufungua faili mpaka mhudumu aandike jina la mama wa mgonjwa.

Ilichelewesha foleni kidogo, na wahudumu walinung'unika. Lakini niliwahi kusimama pale nikaona mzee mgonjwa, amejikunja kwa maumivu, anaulizwa, "Mzee, mama yako alikuwa anaitwa nani?" Akanyooka kabisa, akalitaja jina kwa sauti, kama vile mama mwenyewe yuko nje anasubiri kuitwa. Swali hilo halikumkera mgonjwa.

Kisha bodi ikaleta mzabuni. Tuliitwa kwenye kikao, tukaambiwa kwamba kazi ya hospitali ni kutibu, kompyuta tuwaachie wenye kompyuta. Mfumo mpya utaletwa na kampuni ya nje, utaendeshwa kutoka nje, na wenzetu wa hospitali nyingine tayari wanautumia. Hakuna aliyetugombeza. Walitushukuru, wakatupa soda. Wakasema kutakuwa na makabidhiano, na kwamba atakayeshirikiana vizuri ataangaliwa.

Neno hilo, "ataangaliwa", lilinitia upofu. Nilikuwa na wewe shuleni na nyumba haina mtu mwingine, na nikaamini kwamba mtu anayejua kazi hatupwi. Tulianza kufundisha kwa simu ya video. Siku ya kwanza alikuja mwanamume mmoja mpole, tukamweleza mapokezi. Tulipofika maabara, sura ikawa ya mwingine, hajui tulichomweleza yule. Tulipofika dawa, tukaletewa wa tatu, na huyo alikuwa wa kampuni nyingine kabisa, kwa sababu waliopata kazi walikuwa wameigawa kwa wengine, na hao wengine nao wameigawa tena. Ramadhani akazima kipaza sauti akanigeukia.

"Dada, huyu wa leo siyo wa jana. Sasa tunamfundisha nani?"

"Wewe fundisha tu," nikamwambia. "Wataona tulivyo wa maana."

Alitaka tukatae kuendelea mpaka tupewe mtu mmoja wa kukaa naye hadi mwisho, au mkataba useme mmoja wetu atabaki angalau msimu mmoja wa mvua, mfumo upite kwenye malaria na kuhara na foleni za wajawazito, ndipo tuachie. Lilikuwa ombi la mtu mwenye akili. Mimi nikamzuia. Nilisema tusionekane wakorofi. Nilidhani upole wangu ni busara, kumbe nilikuwa naogopa tu, na uoga ule haukunilinda hata kidogo. Makabidhiano yalipoisha tulipewa barua zetu za kuachishwa siku moja, yeye na mimi, aliyetaka kusema na aliyemzuia.

Ramadhani alirudi Mgori kulima alizeti. Mimi nilihangaika, kisha nikapata kazi ya kufanyia hapa nyumbani, unaikumbuka, ulikuwa unaniletea chai ukiwa likizo na kuniuliza mbona sili. Ilikuwa ni duka la viatu la nchi ambayo sijawahi kufika. Natumiwa kipande cha programu, narekebisha, naandika kwamba tiketi, yaani ile kazi niliyotumiwa, imefungwa, nachukua nyingine. Sikuwahi kuona duka lote likoje. Nilikuwa kama mtu anayeshonea mikono ya mashati bila kuona mwili wa shati. Kuna siku niliona kosa kwenye kipande cha jirani, nikaandika kuuliza, nikajibiwa kwa adabu kwamba hicho siyo changu. Baadaye sikuuliza tena. Nikawa mwepesi wa kufunga tiketi, nikasifiwa kwa wepesi huo. Na mahali fulani huko kulikuwa na mtu aliyekuwa anafanya kazi hii kabla yangu, akiwa na dawati na wenzake. Sikumjua jina. Halafu siku moja kazi ikapelekwa kwa watu wa bei ndogo kuliko mimi, na wao hawakunijua jina pia.

Ndiyo maana siwezi kukuambia kwamba kupeleka kazi nje ni uovu, basi. Kama isingepelekwa nje, kesho usingekuwa na pa kwenda. Nimekuona tangu umalize chuo. Ninapochapa barua pale steshenari karibu na stendi, vijana wanakuja kutoa nakala za vyeti vyao, nafasi ni moja na wao wanajaza ngazi. Wengine nawapigia chapa barua hiyohiyo mwaka hadi mwaka, nabadilisha tarehe tu. Nilikuwa naogopa siku moja utasimama kwenye foleni ile na mimi nitakupigia chapa kama mteja. Kazi hii imekuja, nimemshukuru Mungu kwa magoti. Kisha nikasikia ni kazi gani, na nikatamani nisingeshukuru haraka. Vyote viwili ni kweli, Msengi, na sijui niviweke wapi.

Sasa nikuambie kuhusu Juma Hamisi.

Ilikuwa baada ya mavuno. Ramadhani alikuja hapa bila kupiga simu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikampa maji, hakunywa. Akasema, "Dada, lile swali letu wamelitoa."

Jirani yake huko Mgori, mkulima mwenzake anayeitwa Juma Hamisi, alikuwa amekohoa muda mrefu. Akaja hospitali, akatoa makohozi, akaambiwa arudi kuchukua majibu. Aliporudi, mhudumu akaandika jina, mfumo mpya ukamfungulia faili moja kwa moja, majibu yakasomeka safi. Hana kifua kikuu. Akapewa dawa ya kikohozi akaenda zake. Majibu yale yalikuwa ya Juma Hamisi mwingine, mzima wa afya, wa mjini hapa, ambaye hakuwa na shida yoyote. Mfumo uliwaona ni mtu mmoja. Majibu ya yule wa Mgori, yaliyosema anaumwa na anatakiwa kuanza dawa mara moja, yalikaa mahali ambapo hakuna aliyefungua.

Aliendelea kukohoa kwenye nyumba ya vyumba viwili, na watoto ndani. Alipoletwa tena alikuwa amebebwa. Hakurudi nyumbani.

Ramadhani alikuwa msibani. Mke wa marehemu, Zainabu, alikuwa anarudia neno moja kwa kila anayeingia: "Walituambia hana kitu. Walituambia hana kitu." Ramadhani aliposikia tarehe na maelezo alielewa kabla ya wote. Akatoka nje ya ule uwanja wa msiba, akaketi kwenye magunia ya alizeti. Aliniambia hakulia. Aliniambia alijiona kama mtu aliyejenga daraja, akarudi akakuta wameng'oa ubao mmoja ili daraja lionekane jepesi.

Tulikwenda hospitali siku hiyohiyo. Mganga mfawidhi alitupokea vizuri, ni mtu mwema, hilo sitalikana. Alisikiliza, akashika kichwa. Akatuambia wao wameshatuma malalamiko ya majina kuchanganyika zaidi ya mara moja, na kila mara wanajibiwa kwamba suala limefungwa.

"Basi daktari, turuhusu tuingie turudishe lile swali," Ramadhani akasema. "Ni kazi ya asubuhi moja."

"Mkataba hauniruhusu kuwaruhusu," akasema. "Hata mimi siwezi kuugusa. Hauko hapa. Upo kwao."

Nikamwomba namba ya dawati la msaada. Akanipigia kwa simu ya ofisi, akanipa. Alipokea binti, sauti ya ujana, Kiswahili safi. Nikajieleza. Akatafuta, nikasikia vidole vyake kwenye kibodi.

"Nimeiona taarifa yenu, mama. Ilifungwa kwa sababu iliandikwa kama ombi la nyongeza, siyo hitilafu. Mfumo unafanya kazi kama mkataba ulivyosema. Mkataba ulisema mgonjwa asikae mapokezi muda mrefu."

"Binti," nikamwambia, "kuna mtu amekufa."

Nikasikia vidole vyake vinatafuta tena kwenye kibodi. Kisha akasema polepole, "Pole sana, mama. Hapa kwenye fomu yangu hakuna sehemu ya kuandika hilo."

Hakuwa na dharau. Ningependa angekuwa na dharau, ningemtukana nikapumua. Alikuwa anataka kulia. Nikamuuliza, "Wewe unaweza kumpelekea nani?" Akasema yeye anaona kipande chake tu, na aliye juu yake anaona vipande vya watu wake, na mwenye ruhusa ya kubadilisha yuko kampuni nyingine. Akasema, "Nitajaribu, mama, nakuahidi nitajaribu." Tulipopiga wiki iliyofuata alipokea mtu mwingine. Tukauliza yule binti yuko wapi, tukaambiwa hayupo tena kwenye dawati hilo. Sijui alijaribu nini. Nafikiri alijaribu.

Swali halikurudi. Sasa hivi ukienda mapokezi utakuta kompyuta nzuri, na pembeni yake kaunta buku lililochakaa, ambamo wahudumu wanaandika kwa kalamu jina la kila mgonjwa na jina la mama yake, kisha wanalinganisha kwa macho. Wale wahudumu waliokuwa wananung'unika ndio walioanzisha. Foleni ni ndefu kuliko zamani. Zainabu na mtoto wake mdogo walikutwa nao wameambukizwa, wakaanza dawa. Mama amepona. Mtoto bado ni mdhaifu. Ramadhani anawalimia shamba lao pamoja na lake, na aliniambia hataki kuona kompyuta tena maisha yake. Kichwa kile, Msengi. Nilimsihi, akatikisa mkono tu.

Nimejaribu kutafuta wa kumlaumu mpaka nimechoka. Bodi ilitaka kubana matumizi. Kampuni ilifuata mkataba. Wale waliotufunza kwa zamu, samahani, tuliowafundisha kwa zamu, walisikia walichosikia. Aliyelitoa swali, bila shaka alikuwa kijana mzuri kama wewe, ana orodha ya kazi, ameona kitu kinachochelewesha foleni, hakuna wa kumuuliza kiliwekwa kwa nini, akakifuta akaenda kula. Hajawahi kufika Mgori. Hajui mpaka leo. Hilo ndilo linaloniamsha usiku: kwamba hajui, na hakuna njia yoyote duniani ya habari ile kumfikia.

Na wewe kesho unakwenda kuwa yeye.

Nimeandika hilo nikaacha kalamu muda, nikatoka nje kuangalia kuku, nikarudi. Nilitaka kulifuta. Naliacha.

Sikuzuii. Kama ningekuwa na kitu kingine cha kukupa ningekuzuia, ningekaa juu ya hilo begi. Sina. Na ninajua ukishaingia utapewa kipande chako, na muda mfupi, na mtu wa kukuhesabia tiketi, na utakuwa na kodi ya chumba, na utaniwazia mimi. Najua utakavyochoka. Siwezi kukuambia uwe shujaa, wakati mimi mwenyewe, kipaza sauti kikiwa kimezimwa, nilimwambia mwenzangu fundisha tu. Wala siamini kwamba mtu mmoja mwenye moyo mzuri anaweza kuziba tundu lililotobolewa na mikataba. Yule binti alikuwa na moyo mzuri.

Ninachokuomba ni kidogo, na naogopa hakitoshi. Utakapokuta kitu kwenye ule mfumo ambacho kinaonekana cha kipumbavu, swali lisilo na maana, hatua inayochelewesha, usikifute kabla hujajua ni nani aliyekaa kwenye benchi gani mpaka akakiweka. Muulize yule anayekufundisha, akiwa bado yupo. Ndizo siku chache tu mtakazokuwa naye. Achana na maelezo aliyoambiwa akusomee. Muulize ni kitu gani kwenye mfumo huu kinachomtia hofu, kisha nyamaza mpaka aseme. Mimi hakuna aliyeniuliza hivyo. Wangeniuliza, ningewaambia ile habari ya majina. Ningewaambia kabla hawajakaa vizuri.

Huenda atakuwa mkali. Huenda atakufundisha nusu, au atakuja na macho mekundu, au hatawasha kamera. Usiseme wazungu wana dharau. Jua tu kwamba nyumbani kwake pia kuna mtu anayemletea chai na kumuuliza mbona hali.

Na akiwa wa rika langu, kabla hamjaanza kazi, mwamkie. Mwambie shikamoo. Hataelewa, atadhani umekosea lugha. Mweleze kwamba hivyo ndivyo tunavyomheshimu mtu aliyetutangulia. Labda atacheka, labda atazima kioo. Ila awe ameamkiwa, mwanangu, na mtu anayekuja kukaa kwenye kiti chake.

Mimi waliniuliza tu kama nimemaliza.

Mama yako, anayetaka uende na asiyetaka uende.